Wazo Hili Nilifuate? Hatua za Kupambanua Mawazo ya Moyoni

Wengi wanaonijia kuuliza juu ya maombi hapa Nairobi huwa na swali moja, hata likija kwa sura tofauti: nina wazo haliniachi, je, ni Mungu anasema nami? Mmoja anataka kuacha kazi ya benki aingie kwenye huduma. Mwingine anasukumwa ndani kwa ndani amsamehe ndugu aliyemnyang'anya shamba la urithi. Mwingine anaamini ameonyeshwa mume wake, na anaogopa kumwambia mtu yeyote. Nimeketi na watu kama hawa miaka mingi katika jumuiya ndogo ndogo za parokia yetu huku Eastlands. Naandika hatua hizi kwa sababu nawaona watu wema wakiumia kwa kukosa mambo ambayo Kanisa limeyajua tangu zamani.

Kama utashika jambo moja tu, basi shika hili: nguvu ya wazo haikuonyeshi lilikotoka. Wazo baya linaweza kukujia na machozi, nyimbo na mwili kusisimka. Wazo la Mungu linaweza kukujia ukiosha vyombo. Kinacholitambulisha ni mwendo wake: linaanza wapi, linapitia wapi, na linakuacha ukiwa mtu wa namna gani. Na mwendo hauonekani kwa siku moja.

Wapo wanaoona kulipima wazo ni kukosa imani. Yohana aliwaandikia waamini, akawaita wapenzi, akawaambia wasiiamini kila roho, "bali zijaribuni hizo roho, kwamba zimetokana na Mungu" (1 Yohana 4:1). Kujaribu ni sehemu ya kutii.

Kwanza tenga yasiyohitaji kupambanuliwa

Kupambanua ni kwa ajili ya kuchagua kati ya mambo mema, au mambo ambayo kwa yenyewe si dhambi. Ukiwa mweka hazina wa chama na wazo linakuambia uchukue kidogo bila kuwaambia wenzako kwa kuwa utarudisha mwisho wa mwezi, hilo halihitaji novena, ile sala ya siku tisa. Likatae, ukalale. Vivyo hivyo na wajibu ulio wazi: mzazi haketi kupambanua kama awalishe watoto wake. Lakini aliye kwenye nyumba anayopigwa, nisisikike nikimwambia avumilie akipambanua. Aende mahali salama kwanza, hayo mengine yatafuata.

Yapo pia mawazo yanayohitaji daktari kabla ya mwongozo wowote wa kiroho. Sauti inayokuamuru ujidhuru au umdhuru mwenzako. Sauti unayoisikia kwa masikio na chumbani hamna mtu. Au wazo chafu, pengine la kumkufuru Mungu, linalojirudia siku nzima ukilichukia na kuliogopa, unaungama kila juma na bado hupati amani. Hili la mwisho huwatesa sana wacha Mungu, nao hudhani wamepagawa, kumbe mara nyingi ni ugonjwa unaojulikana na kutibika. Hospitali ya Mathari iko pale Thika Road, na hospitali nyingine kubwa zina kliniki za afya ya akili. Mtu anaweza kumeza dawa na kusali rozari siku hiyo hiyo. Nimewaona waliochelewa kwa sababu ya aibu, na inaniuma.

Hatua ya 1: Ulishe na kuulaza mwili

Eliya alipomkimbia Yezebeli alifika jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumpa hotuba. Alimgusa, akampa mkate na maji, Eliya akalala tena, akaamshwa tena ale. Hayo yote yalikuja kabla ya ule mlima na ile "sauti ndogo, ya utulivu" (1 Wafalme 19). Soma sura hiyo ukiwa umechoka, utaielewa vizuri zaidi.

Kwa hivyo wazo kubwa likija, jiulize maswali ya kawaida kabisa. Nimekula? Nimelala? Nimetoka kugombana na mtu? Nimekunywa? Niko katika siku gani za mwezi, na mshahara uko wapi? Anayetoka Kayole saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku, akasimama saa nzima kwenye foleni ya matatu mvua ikinyesha, atakuwa na mawazo mengi ambayo asubuhi ya Jumamosi hayatakuwepo. Usiamue jambo lolote la maisha saa nane usiku. Liandike, ulale.

Hatua ya 2: Liandike kwa sentensi moja

Nunua daftari dogo la kutosha mfukoni. Simu naikwepa, kwa kuwa ukiifungua kuandika utakuta jumbe arobaini zinakungoja. Andika wazo lenyewe kwa maneno machache, bila kulipamba: "Niache kazi nikasomee uinjilisti." "Nimpigie dada." Mara nyingi wazo lililokuwa kubwa kichwani, likishaandikwa, linaonyesha umbo lake halisi. Wengine hugundua kwamba walikuwa na mawazo matatu yaliyosokotana, na ni moja tu lenye uhai.

Karibu yake andika: siku, saa, mahali, na kilichotokea kabla halijaja. Hayo manne yatakufaa kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 3: Uliza limeingilia mlango upi

Yohane Cassian, mtawa aliyeishi na wazee wa jangwani Misri mwishoni mwa karne ya 4, aliandika mafundisho aliyoyapokea kwa Aba Musa. Mzee huyo alisema mawazo yetu yana asili tatu: Mungu, ibilisi, na sisi wenyewe. Hii ya tatu tunaisahau sana. Makanisani kwetu kila wazo lazima liwe la malaika au la pepo, na mtu husahau kwamba ana kumbukumbu, ana matamanio, ana majeraha ya utotoni, na vyote hivyo vinasema.

Aba Musa alitoa mfano wa kinu kinachozungushwa na maji. Maji yakipita kinu hakiachi kuzunguka, lakini mwenye kinu ndiye anayeamua kisage ngano au magugu. Kila mtaa wetu una mashine ya kusaga unga, na ukiitazama utamwelewa mzee: inatoa ulichoipelekea. Huwezi kuzuia akili isiwaze. Unachoweza ni kuangalia umeimwagia nini tangu asubuhi. Redio ya matatu yenye mizaha ya ndoa za watu. Video za manabii wanaotaja majina na tarehe. Picha za mwenzako wa shule aliyejenga Syokimau. Usiku unapata wazo kwamba ndoa yako haifai na ujana wako umepotea, unaliita ufunuo, hali umelisaga mwenyewe kutoka kwenye gunia ulilolileta.

Basi kwa siku unazopambanua, punguza unachoingiza. Si lazima uende mbali kutafuta ukimya. Basilika ya Familia Takatifu iko katikati ya mji, karibu na City Hall, na saa ya chakula cha mchana utawakuta wafanyakazi wa ofisi wamepiga magoti humo. Arboretum ina miti na viti. Karura ina njia ndefu za kutembea, ingawa huko unalipa kiingilio. Asiye na nauli aamke nusu saa kabla ya watoto.

Hatua ya 4: Fuata mwendo wake

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nitakaa kidogo.

Tarehe 20 Mei 1521, kwenye mji wa Pamplona, mzinga wa Wafaransa ulimvunja mguu mtu wa ukoo wa kibwana aliyeitwa Ignatius wa Loyola. Alirudishwa kwao, akalala kitandani miezi. Aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita na mapenzi, havikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akawa anawaza mambo ya aina mbili. Saa nyingine alijiona akimtumikia bibi mmoja wa cheo kikubwa, atakayomwambia, matendo atakayoyafanya kwa ajili yake. Saa nyingine alijiuliza: je, nikifanya alivyofanya Fransisko, alivyofanya Dominiko? Mawazo yote mawili yalimpendeza alipokuwa ndani yake, na hapo ndipo wengi wetu tungeishia. Yeye aliendelea kutazama. Aligundua kwamba yale ya kwanza yakishapita yalimwacha mkavu na asiyeridhika, na yale ya pili yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Kutokana na kuona huko yakaja, miaka baadaye, Mazoezi ya Kiroho, kitabu chake kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka wa 1548, na ndani yake kanuni za kupambanua roho.

Kanuni moja inasema tuangalie mwanzo, katikati na mwisho wa mawazo. Yakiwa mema yote matatu, ni alama ya roho njema. Lakini wazo linaweza kuanza vizuri na kuishia kwenye jambo baya, au lisilo jema kama lile ulilokusudia mwanzoni, au likakuacha dhaifu, umetaabika, umepoteza amani uliyokuwa nayo. Paulo naye alionya kwamba Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Ndiyo maana mwanzo mwema pekee hautoshi.

Nikuonyeshe kwa mtu halisi. Kijana mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, anauza spea kwenye duka moja la Kirinyaga Road. Alikuja akiwa na uhakika kwamba Mungu anamwita upadri, na mara hii hii. Alitaka kumwandikia bosi barua ya kuacha kazi Jumatatu. Nilimwomba kitu kimoja: aandike daftari kwanza, turudi kuliangalia pamoja. Aliporudi tulifungua kurasa hizi:

"Jumanne. Bosi amenifokea mbele ya wateja kwa sababu ya pedi za breki zilizorudishwa. Saa tano hivi, wazo la seminari. Nimejiona nikisoma Misa, bosi ameketi benchi la kwanza."

"Ijumaa. Mshahara haujaingia. Wazo la seminari, kwa nguvu sana. Nimefika nyumbani sitaki kuongea na mtu."

"Jumapili jioni, nikifua. Nimemkumbuka Mzee. Nimetaka tu kumpigia simu. Naogopa. Baadaye nimejikuta naimba."

"Jumatano. Bosi tena. Seminari tena. Nimemjibu mteja vibaya."

"Alhamisi, nikipanga beringi kwenye rafu. Mzee tena."

Mzee ni baba yake, yuko Busia, na hawakuwa wanaongea tangu mazishi ya mama. Nilimsomea kijana kurasa zake kwa sauti, polepole, bila maelezo. Aliona mwenyewe. Wazo la seminari lilianzia kwenye kuaibishwa au kukwama kila mara, likapitia kwenye picha ya kuheshimiwa na yule aliyemwaibisha, likaishia kwenye kimya na ukali kwa watu wasio na hatia. Wazo la baba halikuwa na kichochezi chochote. Lilipitia kwenye hofu ya kweli, likamwacha mwepesi, na siku iliyofuata alikuwa mpole dukani bila kujilazimisha.

Angalia kwamba la kwanza ndilo lililoonekana takatifu. Na sikusema, wala sisemi leo, kwamba Mungu hamwiti kijana huyo kwenye upadri. Nilisema wazo lile, kwa mwendo ule, bado halijawa wito. Lilikuwa njia ya kutoroka iliyovaa kanzu.

Unaposoma daftari lako, tafuta matunda ambayo Paulo anayataja kwa Wagalatia 5:22, na uyatafute kwenye mambo madogo: ulivyomjibu makanga, ulivyomsikiliza mtoto akisoma. Kisha tafuta alama nyingine mbili ambazo kwa uzoefu wangu hazidanganyi sana. Ya kwanza ni haraka. Wazo linalosema "leo au kamwe" kuhusu jambo ambalo halina sababu ya kuwa leo, liwekee shaka. Ya pili ni siri, nami nitairudia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 5: Wakati wa ukavu usibadilishe kitu

Zipo siku sala haina ladha, Mungu yuko mbali, kila ulichoamua kinaonekana upumbavu. Ignatius anaagiza bila kuzungusha: wakati huo usifanye badiliko lolote, simama kwenye uamuzi uliokuwa nao ulipokuwa na faraja. Unachoweza kubadilisha ni namna unavyopambana na ukavu huo: ongeza sala kidogo, jichunguze zaidi, jinyime kitu. Kama umezoea kusali robo saa na leo hata dakika ya kumi haiishi, kaa dakika moja zaidi ya robo saa. Ni jambo dogo, na lina nguvu ya ajabu.

Usichanganye faraja na raha. Faraja inaweza kuja pamoja na machozi ya kujutia dhambi, na inaweza kukutuma kwenye jambo gumu. Utaijua kwa kuwa imani, tumaini na upendo vinaongezeka. Raha inaweza kuwepo na hivyo vitatu vinapungua.

Upande wa pili pia una hatari, na mjini hapa naona ndio unaoumiza wengi. Ignatius alimwonya anayewaongoza wenzake katika Mazoezi: ukimwona mtu yuko kwenye faraja na moto mwingi, mzuie asiweke ahadi wala nadhiri kwa pupa. Nawafikiria akina mama waliotoka kwenye kesha wakiwa wameahidi karo ya muhula mzima kama mbegu. Saa kumi alfajiri, vyombo vinapigwa, mhubiri anahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Mama yangu, kama Mungu anaitaka sadaka hiyo, ataitaka pia Jumatano ukiwa umepumzika na umeongea na mumeo. Weka simu mkobani. Ngoja.

Hatua ya 6: Mwambie mtu mmoja

Adui wa roho zetu, anasema Ignatius, hufanya kama mshawishi anayemtongoza binti wa watu: lolote analolitaka, kubwa kwake ni kwamba lisijulikane. Likishasemwa kwa mtu anayejua mambo ya roho, nguvu zake hukatika. Wazo linalokuambia "usimwambie padri, hataelewa", "usimwambie mkeo, atakukatisha tamaa", limekwisha kujitaja.

Umwambie nani? Tafuta mtu anayesali, aliyewahi kuumia akapona, asiyefaidika na uamuzi wako, na anayeweza kukuambia hapana. Anaweza kuwa paroko, mchungaji, sista, mzee wa kanisa, au mama mmoja wa jumuiya asiye na cheo chochote. Wanaotaka kusaidiwa kwa undani zaidi, Karen kuna kituo cha Mwangaza cha Wajesuiti, shirika la watawa aliloanzisha Ignatius, kinachoendesha mafungo ya namna hii ya Ignatius. Wajesuiti ndio walio pia katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, ambayo Papa Fransisko aliitembelea tarehe 27 Novemba 2015. Papa huyo, Mjesuiti mwenyewe, kuanzia Agosti 2022 hadi Januari 2023 alitumia katekesi zake za Jumatano kufundisha kupambanua, akawafungulia waumini wote jambo ambalo wengi walidhani ni la mapadri na masista.

Soma 1 Samweli 3 uone msaidizi mwema anavyofanya. Samweli aliisikia sauti, akamkimbilia Eli. Eli hakuisikia yeye. Mara ya tatu ndipo alipotambua kwamba Bwana anamwita mtoto, na hakumwambia Samweli ujumbe ni upi. Alimfundisha la kujibu, "Nena, Bwana", akamrudisha mahali pake akasikilize mwenyewe. Msaidizi wa kweli anakurudisha kwa Mungu. Ukikuta anayekupa majibu yote, anayekuambia nani wa kuoa, anayetaka pesa kabla ya kukuombea, anayekutenga na ndugu zako au kukukataza hospitali, ondoka. Mwaka wa 2023 msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Kila ninapofundisha hatua hii nawakumbuka hao. Ninaamini walikuwemo wengi waliompenda Mungu kwa moyo wote, na hapakuwa na mtu karibu nao ambaye wangeweza kumuuliza.

Hatua ya 7: Ishara uzipe nafasi ndogo

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole, namba ya gari iliyofanana na tarehe yako ya kuzaliwa, ndoto ya juzi. Mungu anaweza kutumia chochote, na mimi sina amri juu yake. Lakini Gideoni, tunayemtaja kila tukitaka ishara, alikuwa amekwisha ambiwa la kufanya kabla hajaweka ngozi ya kondoo uwanjani (Waamuzi 6). Ishara ilimsaidia udhaifu; haikumletea wito mpya.

Jirani zetu Waislamu wana hekima hapa. Anayetaka kuamua jambo husali rakaa mbili za istikhara, akamwomba Mwenyezi Mungu alifanye jepesi kama lina heri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, na aliepushe kama lina shari. Masheikh wengi husisitiza kwamba si lazima uote ndoto. Mtu anauliza kwa wanaojua, anaomba, anaendelea na jambo lake, na kumwachia Mungu afungue au afunge.

Hatua ya 8: Maswali ya kujitoa kwenye ukungu

Umesali, umeandika, umemwambia mtu, na bado pande zote mbili zinalingana. Mtazame mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema yote, aliye mahali pako na wazo lako. Ungemshauri nini? Kisha jione uko siku ya kufa: ungependa uwe umechagua lipi leo? Maswali haya yametoka kwenye Mazoezi hayo hayo, na hufanya kazi kwa sababu yanakuondoa kwenye woga wa juma hili.

Hatua ya 9: Anza na kipande kidogo

Usiruke mto mzima. Anayedhani ameitiwa kuwahudumia wagonjwa aende wodi moja Jumamosi moja, kwa ruhusa ya wenye hospitali, kabla ya kuacha kazi. Anayetaka kumsamehe dada aanze na ujumbe wa salamu. Kisha rudi kwenye daftari na uandike kilichotokea ndani yako baada ya kutenda. Wazo la Mungu likitendwa kidogo huwa linaomba zaidi, kwa amani. Likigeuka kuwa zito na kavu kadiri unavyolitenda, na ukavu huo ukadumu hata ukiwa umepumzika, rudi kwa yule uliyemwambia.

Kijana wa Kirinyaga Road alimpigia baba yake. Simu ya kwanza ilichukua dakika mbili na wote wawili waliongea habari za mvua. Krismasi alipanda basi kwenda Busia, akapalilia kaburi la mama yake pamoja na mzee. Dukani bado yupo. Suala la seminari bado liko kwenye daftari, na siku hizi huja hata siku bosi akiwa mzuri, jambo ambalo tumeanza kuliangalia kwa makini.

Kila jioni, dakika kumi

Hatua zote hizi hutegemea zoea moja, na asiye nalo atazikuta ngumu. Jioni, ukiwa umeketi, mshukuru Mungu kwa vitu vya siku hiyo ukivitaja: chai, mtu aliyekupisha kiti, homa ya mtoto iliyoshuka. Omba mwanga. Pitia siku tangu kuamka, ukitafuta mahali moyo uliponyanyuka na mahali ulipojifunga, na mawazo yaliyokuwa yakisema hapo. Omba msamaha panapostahili. Panga jambo moja la kesho. Malizia na Baba Yetu. Ukisinzia katikati, anza mapema zaidi kesho, kabla ya taarifa ya habari.

Andika mistari miwili tu kila jioni. Jumapili ya kwanza ya mwezi kaa na daftari saa nzima, usome mwezi mzima kwa mkupuo, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari wazo lililorudi mara nyingi bila kuchochewa na mtu. Hilo ndilo la kupeleka kwa msaidizi wako juma linalofuata.